Mtakatifu Vincent de Paul, Baba wa Maskini

Upande wa kusini-magharibi wa nchi ya Ufaransa, karibu na mji wa Dax, kuna kijiji kidogo ambacho zamani kiliitwa Pouy. Udongo wake ni wa mchanga, na mabwawa ni mengi. Hapo ndipo alipozaliwa Vincent de Paul, karibu na mwaka 1581. Baba yake aliitwa Jean, mama yake Bertrande, nao walikuwa wakulima. Watoto walikuwa sita, wavulana wanne na wasichana wawili.

Pengine mtu hufikiri kwamba watu wa Ulaya wa zamani walikula mikate myeupe na nyama kila siku. Sivyo. Katika nyumba ya Jean chakula kilikuwa nafaka ndogo kama ulezi, iliyochemshwa katika chungu. Ikiisha kuiva, ilimiminwa katika chombo kimoja, jamaa wote wakakizunguka, wakala, kisha wakaenda kazini. Vincent naye alikuwa na kazi yake: alichunga kondoo na nguruwe wa baba yake.

Jean aliona kwamba mtoto huyu ana akili nyepesi. Akampeleka Dax, kwa watawa wa Mtakatifu Fransisko, apate kusoma. Vincent akasoma vizuri. Lakini pamoja na elimu, majivuno nayo yaliingia moyoni mwake. Wenzake wengi walikuwa watoto wa watu wa mji. Siku moja Jean alikuja shuleni kumtazama mwanawe. Alikuwa amevaa nguo za shamba, tena alichechemea kidogo. Vincent alipoambiwa kwamba baba yake yuko, alikataa kwenda kusema naye. Na walipotembea pamoja mjini, Vincent aliona haya kuonekana karibu naye.

Jean akarudi kijijini. Hakuacha kumlipia mwanawe masomo. Mwaka 1597, ilipotakiwa fedha nyingi zaidi ili Vincent aende katika shule kubwa ya Toulouse, Jean aliuza ng'ombe wawili wa kulimia. Kwa mkulima wa nchi ile, kuuza ng'ombe wa kulimia ni kama kuuza mikono yake mwenyewe. Mwaka uliofuata Jean akafa. Hakumwona Vincent amekuwa padri.

Vincent alipewa daraja la upadri mwaka 1600. Alikuwa na miaka kumi na tisa tu, ingawa sheria ya Kanisa ilitaka padri awe mtu mzima zaidi. Tusidhani kwamba alikuwa mtakatifu tangu siku ile. Kwa miaka mingi alitafuta hasa mahali pazuri, penye mapato ya kutosha, ili akae bila taabu na kuwasaidia ndugu zake. Alifika Paris mwaka 1608. Huko alikutana na mapadri wema waliomfungua macho, na katika hospitali moja ya mji akaanza kuwatembelea wagonjwa. Mwaka 1612 akapewa parokia ya Clichy, karibu na Paris, akawapenda sana wakulima wa pale. Halafu akaingia katika nyumba ya tajiri mkubwa, bwana de Gondi, awe mwalimu wa watoto wake.

Sasa tufike katika mwaka 1617, maana mwaka ule ndio uliogeuza maisha yake.

Vincent aliondoka katika nyumba ya tajiri, akaenda kuwa paroko wa mji mdogo uitwao Châtillon-les-Dombes. Jumapili moja ya mwezi wa Agosti alikuwa katika sakristia, anavaa mavazi ya Misa. Mwanamke mmoja akaja kumpa habari. Katika nyumba moja iliyo peke yake, mbali kidogo na mji, watu wote walikuwa wamelala wagonjwa, hata hakuna mmoja wa kumpa mwenzake maji. Habari hii ikamchoma Vincent moyo. Katika mahubiri akawaeleza wakristu taabu ya jamaa ile, nao wakaguswa sana.

Baada ya ibada ya jioni Vincent akashika njia kwenda kuwatazama wagonjwa. Jua lilikuwa kali. Mara akakutana na wanawake wanaokwenda huko huko, wamechukua vikapu. Mbele kidogo akakutana na wengine wanaorudi, na wengine wameketi kando ya njia kupumzika kwa ajili ya joto. Walikuwa wengi kama watu wa maandamano. Alipofika nyumbani mwa wagonjwa, aliona mikate, nyama na vyakula vingine vingi.

Padri mwingine angefurahi tu na kurudi nyumbani. Vincent alifurahi, lakini pia alifikiri. Leo wagonjwa hawa wana chakula kuliko wanavyoweza kula. Kesho sehemu yake itakuwa imeoza. Na kesho kutwa, wakati kila mwanamke atakapokuwa amerudi katika kazi zake, nani atakuja tena? Watakuwa na njaa kama zamani. Aliona kwamba wakristu wa Châtillon hawakukosa upendo. Walikosa mpango.

Baada ya siku chache tu, tarehe 23 Agosti, aliwakusanya wanawake kadhaa wa mji, wakaanzisha chama. Kila mmoja alipewa siku yake ya kupika na kuwapelekea wagonjwa chakula. Mmoja wao alichaguliwa kuwa mkubwa wa chama, mwingine kushika fedha, na hesabu zilipaswa kutolewa wazi. Vincent akawaandikia sheria, na kabla ya mwisho wa mwaka wakubwa wa Kanisa walizikubali.

Sheria zile ni za kusomwa polepole, kwa sababu aliyeziandika alijua mgonjwa ni mtu wa namna gani. Mama mwenye zamu aingie kwa uso wa furaha na kumsalimu mgonjwa kwa upole. Aweke meza ndogo karibu na kitanda, atandike kitambaa safi, amnawishe mgonjwa mikono, asali kabla ya kula. Amkatie nyama, amshawishi ale, na kumchangamsha ikiwa ana huzuni. Halafu kuna sheria moja ndogo ambayo labda ni nzuri kuliko zote. Mama aanze na wagonjwa walio na mtu wa kukaa nao, na wale walio peke yao awafikie mwisho. Kwa nini? Ili asiwe na haraka, apate kukaa nao muda mrefu zaidi.

Vyama vya namna hii vikaenea katika vijiji vingi. Mahali pengine Vincent alijaribu kuweka wanaume na wanawake katika chama kimoja, lakini hawakupatana, hasa kwa habari ya sanduku la fedha. Vincent mwenyewe alishuhudia kwamba akina mama walitunza fedha za maskini kwa uaminifu.

Kabla ya mwaka ule kwisha Vincent alirudi Paris kwa bwana de Gondi. Huyu alikuwa mkubwa wa merikebu za vita za mfalme. Merikebu zile zilikwenda kwa makasia, na waliovuta makasia walikuwa wafungwa, wamefungwa minyororo, wanapigwa mijeledi. Wakingoja kupelekwa pwani, walifungiwa Paris mahali pa giza penye uchafu, hawana wa kuwatunza. Mwaka 1619 mfalme alimweka Vincent kuwa padri mkuu wa merikebu hizo. Akawatembelea wafungwa, akawaletea chakula na dawa, akahangaika mpaka wale wa Paris wakapewa nyumba yenye hewa. Mwaka 1625 alianzisha shirika la mapadri wa kwenda kuhubiri kwa wakulima waliosahauliwa. Watu waliwaita Walazaristi, kwa sababu tangu mwaka 1632 walikaa Saint-Lazare, nyumba ambayo zamani ilikuwa ya wakoma.

Katika mji wa Paris, vyama vya upendo vilipata shida mpya. Huko waliojiunga walikuwa mabibi wa watu wakubwa. Walitoa fedha kwa moyo, lakini kubeba sufuria ya mchuzi njiani, au kupanda ngazi chafu mpaka kwa mgonjwa, waliona ni neno gumu. Wakawatuma watumishi wao. Na watumishi, ambao hawakuombwa shauri, walifanya kazi bila moyo. Nani atafanya kazi ile kwa upendo?

Aliyejibu swali hili ni msichana mchungaji wa ng'ombe. Jina lake ni Marguerite Naseau, wa kijiji cha Suresnes. Hakuwa amesoma shule hata siku moja. Alinunua kitabu kidogo cha alfabeti, akamwomba padri amfundishe herufi chache, kisha nyingine. Alizikariri huko malishoni. Akimwona mpita njia anayeonekana amesoma, alimsimamisha na kumwuliza neno hili linasomwaje. Hivyo, neno kwa neno, akajua kusoma. Mara akaanza kuwafundisha wasichana wengine wa kijiji, hata akaenda kufundisha katika vijiji vingine. Siku nyingine alikosa hata mkate, na watu wakamcheka. Yeye akaendelea.

Karibu na mwaka 1630 Marguerite alisikia habari za vyama vya Vincent. Akaja kuomba ruhusa ya kuwahudumia wagonjwa wa Paris kwa mikono yake. Wasichana wengine wa mashamba wakamfuata. Kila mtu alimpenda, kwa sababu ndani yake hamkuwa na kitu kisichopendeka. Mapema mwaka 1633 alimkuta msichana mgonjwa wa tauni, asiye na mahali pa kulala. Marguerite akamlaza katika kitanda chake mwenyewe. Naye akapata ugonjwa ule ule, akaenda hospitali, akafa huko.

Mwezi wa Novemba mwaka ule ule, mjane mmoja jina lake Louise de Marillac, aliyekuwa msaidizi mkubwa wa Vincent, aliwakusanya wasichana wachache katika nyumba yake ili kuwafundisha kazi hii. Ndio mwanzo wa Mabinti wa Upendo. Siku zile masista karibu wote waliishi ndani ya kuta za monasteri wasitoke. Hawa walivaa nguo za wasichana wa mashamba, wakapita barabarani na vikapu vyao, wakaingia katika vyumba vya wagonjwa, katika shule za watoto maskini, na hata kwa wafungwa wa merikebu. Vincent mara nyingi aliwaambia kwamba dada yao wa kwanza alikuwa Marguerite, mchunga ng'ombe.

Kulikuwa na taabu nyingine katika Paris. Kila mwaka mamia ya watoto wachanga walitupwa, hasa milangoni mwa makanisa. Walichukuliwa katika nyumba moja ya mji, walipokuwa na mjane na watumishi wachache, bila maziwa ya kutosha. Watoto wakilia, walipewa dawa ya kuwalaza usingizi. Wengine waliuzwa kwa bei ndogo kwa waombaji, waliowatumia ili wapita njia wawahurumie. Karibu wote walikufa.

Vincent na Louise walitamani kuwachukua wote, lakini hawakuwa na nguvu hiyo. Basi mwaka 1638 wakaanza na watoto kumi na wawili. Wachaguliwe wepi? Wakapiga kura, ili asiwepo mtu wa kusema huyu anapendwa kuliko yule. Ni jambo zito kulifikiri: kumi na wawili wakatolewa, wengine wakabaki. Lakini miaka miwili baadaye watoto wote waliotupwa walikuwa mikononi mwa Mabinti wa Upendo na mabibi waliowasaidia.

Gharama zikapanda. Vita vikaja, vyakula vikawa ghali, na mabibi wakachoka. Walisema kwamba fedha hazipo tena na kwamba kazi hii haiwezekani. Vincent akawaita katika mkutano. Hakuwagombeza. Aliwakumbusha kwamba tangu walipowachukua watoto wale wamekuwa mama zao. Kama wanataka kuacha kuwa mama, basi wawe mahakimu, wakate hukumu wao wenyewe: watoto waishi au wafe, maana wakiachwa watakufa bila shaka. Mabibi wakalia. Wakatoa tena, na watoto wakaishi.

Vita vilikuwa vikali hasa katika nchi ya Lorraine, upande wa mashariki. Askari walichoma mashamba, na njaa ikawa kubwa hata watu wakala majani na mizizi. Vincent akakusanya fedha Paris. Lakini zitafikaje, na njia zimejaa wanyang'anyi? Alikuwako katika nyumba yake bruda mmoja, Mathieu Regnard, mtu hodari na mjanja. Alivaa matambara kama mwombaji, akatia fedha katika mfuko uliochakaa, akautupa begani kama mtu aliyebeba makombo ya mkate. Zaidi ya mara hamsini alikwenda Lorraine na kurudi, kila safari amebeba maelfu ya fedha. Akiona hatari aliutupa mfuko kichakani, akaurudia baadaye. Wanyang'anyi walimsimamisha na kumpekua, lakini hawakupata kumnyang'anya fedha za maskini.

Vincent hakufaulu katika kila jambo. Mwaka 1648 aliwatuma mapadri wawili katika kisiwa cha Madagascar. Safari ya merikebu ilichukua zaidi ya miezi sita, na kabla ya miaka mitatu kwisha wote wawili walikuwa wamekufa. Akawatuma wengine. Mwezi wa Januari 1649, vita ilipokuwa kati ya watu wa Paris na serikali, mzee huyu alipanda farasi usiku wa baridi, akavuka mto uliofurika, akaenda kumsihi malkia amwondoe waziri wake ili raia wasife njaa. Malkia hakukubali. Na watu wa Paris walidhani Vincent amekwenda kujiunga na adui zao, wakaingia Saint-Lazare, wakaiba ngano ambayo yeye alikuwa akiwalisha nayo maskini. Aliporudi baada ya miezi kadhaa, alianza tena kuwagawia mchuzi.

Alipozeeka, miguu yake ilivimba na kuwa na vidonda. Akapewa gari la farasi ili aweze kutembea. Yeye aliliona gari lile kuwa fedheha, kwa sababu mwana wa mkulima hapandi gari. Basi akikutana na mzee au mgonjwa njiani, alimpandisha akae karibu naye.

Imebaki habari moja ambayo haipasi kuachwa. Vincent alikuwa amekwisha kuwa mkubwa wa mapadri wake, mtu anayejulikana na wakubwa wa nchi. Siku moja mlinzi wa mlango akaja kumwambia kwamba kuna kijana mkulima chini, anasema yeye ni mtoto wa ndugu yake, ametoka kijijini. Kijana alikuwa amevaa nguo za shamba. Vincent akasikia tena ndani yake haya ile ya zamani. Akaamuru kijana apandishwe chumbani kwake kwa siri.

Mara akajirudi. Akaondoka mwenyewe, akashuka mpaka mlangoni, hata barabarani. Akamkumbatia kijana mbele ya watu, akamshika mkono, akamwingiza uani, akawaita mapadri wote wa nyumba, akawaambia kwamba huyu ndiye mtu wa heshima kuliko wote katika jamaa yake. Akamtaka kijana awasalimu mmoja mmoja. Na wageni wakubwa walipofika siku ile, akampeleka kwao pia. Hata hivyo hakuridhika. Katika mafungo yaliyofuata alisimama mbele ya mapadri wake akaungama wazi kwamba alitaka kumpandisha mtoto wa ndugu yake kwa siri kwa sababu ya nguo zake. Na habari ya baba yake katika mji wa Dax aliisimulia yeye mwenyewe, mara kwa mara, mpaka uzee wake. Ndiyo sababu sisi tunaijua.

Louise de Marillac alikufa mwezi wa Machi 1660. Vincent, ambaye hakuweza tena kusimama, hakwenda kumwona. Mwezi wa Septemba mwaka ule, tarehe 27, kabla ya mapambazuko, alikufa akiwa ameketi katika kiti chake karibu na moto, amevaa nguo zake zote. Ilikuwa karibu na saa ile ambayo kwa miaka mingi aliamka kwenda kusali.

Kanisa lilimtangaza kuwa mtakatifu mwaka 1737. Mwaka 1833 wanafunzi wachache wa Paris, pamoja na Frédéric Ozanam, walianzisha chama cha kuwatembelea maskini nyumbani kwao, wakakipa jina lake, na chama hicho kiko katika parokia nyingi hata leo. Kijiji cha Pouy nacho hakiitwi tena Pouy, kinaitwa Saint-Vincent-de-Paul. Karibu na mahali ilipokuwa nyumba ya Jean na Bertrande kuna mti mkubwa wa mwaloni, mzee sana, shina lake lina shimo ndani. Watu wa huko husimulia kwamba Vincent alikaa chini yake alipokuwa akichunga mifugo ya baba yake.